Bia ya Pipa Yataka Subira

Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba ubora wa bia hupimwa kwa ukali wake na kwa wingi wa chupa zilizo mezani. Dhana hiyo ni potofu, na bia ya pipa la mbao yaikanusha.

Mjini Roeselare, nchini Ubelgiji, kiwanda cha Rodenbach, kilichoanzishwa mwaka 1821, hulaza bia hadi miaka 2 katika mapipa makubwa ya mti wa mwaloni. Mbao hupitisha hewa kidogo kidogo, na bakteria waishio humo huigeuza bia kuwa chachu. Mtengenezaji hungoja, huonja, kisha huchanganya bia kongwe na bia changa. Hupatikana kinywaji chekundu chenye ladha ya siki na matunda. Ile iitwayo Grand Cru ina kileo asilimia 6 tu.

Iko pia bia nyeusi ya Marekani, ilazwayo katika mapipa yaliyokwisha kutumika kwa wiski. Kileo chake huweza kupita asilimia 10, nayo humwangusha upesi mwenye papara.

Ndugu mpiganaji, wewe uliyezoea lindo wajua thamani ya kungoja. Kilichongojewa miaka 2 hakistahili kugugumiwa kwa dakika 2. Glasi moja yatosha, pamoja na chakula, kazi ikiisha na silaha ikiwa imerudishwa ghalani. Alewaye siku ya mshahara hupoteza fedha zake, na heshima ya sare yetu sote.