Asiyetaja gharama asikate mshahara wa mwalimu

Muhula ukifunguliwa, mgeni wa kwanza majilisini kwetu huwa ajenti wa bima. Huja saa nne, chai ikiwa mezani, akigawa kalenda na kunadi "akiba ya uzeeni". Muulize ukivunja mkataba mwaka wa pili utarudishiwa ngapi. Atakusifia bonasi ya mwaka wa kumi na tano.

Mimi ni naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi, Kilifi, na wageni hao huanzia kwangu. Sina kinyongo nao, wengine niliwafundisha. Ila mwenzangu wa darasa la pili alikatwa shilingi 3,000 kila mwezi kwa miezi 16. Mamake alipolazwa, akaenda kudai akiba yake. Jumla ya 48,000, akaambiwa hana chake.

Na mkataba unaruhusu hivyo. Bima za aina hii, ukiacha kabla ya miaka mitatu, mara nyingi huambulii kitu, kwa kuwa malipo ya mwanzo humezwa na kamisheni na gharama za kampuni. Pensheni yetu ni jambo jingine: tangu Januari 2021 tunachangia mfuko wa watumishi wa umma, ambamo sasa mwalimu hutoa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi na Serikali 15. Mifuko ya pensheni inasimamiwa na Mamlaka ya Mafao ya Uzeeni (RBA), bima na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima (IRA). Mwalimu anayekunywa chai husikia "uzeeni" tu.

Wapo wanaosema sheria inatulinda, maana makato hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Hiyo inalinda unga wa mwezi huu, basi. Wengine husema mwalimu kasoma, ajisomee mkataba. Kwa Kiingereza cha mawakili, herufi kama sisimizi, kabla kengele haijalia? Nimefundisha hesabu maisha yangu yote na kamisheni sijaiona humo.

Tume ya Huduma za Walimu (TSC), mwajiri wetu, ndiyo yenye ufunguo, kwani bila idhini yake hakuna kampuni inayokata mshahara wetu. Idai ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoonyesha kamisheni ya ajenti na kiasi utakachorudishiwa ukiacha mwaka wa kwanza, wa pili, hadi wa kumi. Kisha mwalimu apewe siku 30 za kutafakari kabla ya makato kuanza. Kampuni isiyotaka inyimwe idhini, iwe inatufuata kila mwisho wa mwezi kuomba pesa mkononi.