Tulimhukumu Rubi, tukamsahau Héctor



Siku ya posho iliyopita mkutano wetu wa likelemba ulichelewa kumalizika. Franga zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa, mama mwenye zamu alikuwa amezifunga katika kitenge chake, na sombe ilikuwa tayari jikoni. Lakini hakuna aliyesimama. Tulikuwa tunabishana juu ya Rubi.

Wale wa umri wetu wanamkumbuka. Novela hiyo ilitengenezwa Mexico mwaka 2004, nasi tuliiona katika Kifaransa. Mwenye televizyo alifungua mlango, na avenyu nzima ikaingia. Mama aliyesoma sana alikaa mbele na kutufasiria, na mara nyingine aliongeza maneno yake mwenyewe, ambayo Rubi hakuyasema hata siku moja. Umeme ukikatika katikati, tulibaki gizani tukimaliza hadisi kwa midomo yetu. Leo mabinti zetu wanaitafuta kwenye simu, na mabishano yameanza upya.

Kwa wale ambao hawakuiona: Rubi ni msichana mzuri wa sura, wa jamaa maskini. Rafiki yake Maribel ni mtoto wa tajiri, naye anatembea kwa mguu wa kutengenezwa. Rubi anampenda Alejandro, kijana anayesomea udaktari, lakini anapojua kwamba hana feza anamwacha. Kisha anamchukua Héctor, mchumba wa Maribel, wanakimbia pamoja siku ya arusi yenyewe. Mwishoni Rubi anaanguka, anakatwa mguu, na uso ule mzuri unabaki na makovu.

"Mwisho ule ni wa haki," alisema mama mmoja. "Alimdharau mwenzake mwenye mguu mmoja, akapoteza wake."

Mwingine akakataa. Alisema mwandishi alikuwa na haraka ya kumwadhibu, na kwamba mtu mwovu katika maisha hakatwi mguu, anaendelea kutembea mjini akiwa amevaa vizuri. Wa tatu akasema Rubi hakuzaliwa mwovu. Ameuona uchovu wa mama yake, ameona nyumba yao, akaapa hatarudi kule. Tulipiga makelele mpaka majirani wakachungulia.

Ndipo mkamwana mmoja, ambaye kwa kawaida anakaa karibu na mlango na hasemi neno, aliuliza kwa sauti ndogo: "Mama zangu, na Héctor?"

Tukanyamaza. Ilikuwa karibu saa nzima, na hakuna aliyemtaja Héctor. Lakini Héctor ndiye aliyemwahidi Maribel ndoa. Rubi alimvuta, ndiyo, lakini hakumfunga kamba. Alitoka kwa miguu yake mwenyewe.

Kutoka hapo tukafika Senegal, kwa maana wengi wetu tunajua pia ile filamu ya mfululizo inayoitwa Maîtresse d'un homme marié, yaani hawara ya mwanaume mwenye bibi. Ilianza mwaka 2019, na aliyeiandika ni mwanamke, Kalista Sy. Kule kwao ilileta mabishano makubwa kuliko yetu. Shirika moja la dini lilipeleka mashtaka, na baraza la serikali linalosimamia redio na televizyo likatoa onyo katika mwezi wa tatu wa mwaka huohuo. Wengine walisema inaharibu desturi. Wengine, wanawake wengi kati yao, walisema inaonyesha tu mambo yaliyomo ndani ya nyumba. Filamu haikusimama.

Katika filamu hiyo yuko Marème, msichana anayependana na Cheikh, bwana wa Lalla. Ukisikia hivyo unafikiri ni Rubi mwingine. Lakini mwandishi hakutupa mwovu mmoja na mtakatifu mmoja. Anaingia kwa Marème, tunaona upweke wake. Anaingia kwa Lalla, tunaona bibi aliyefanya yote aliyofundishwa na bado analia usiku. Anaingia kwa Djalika, anayeishi na bwana anayemtesa huku watu wa nje wakidhani ana bahati. Kila mara tulipokuwa tayari kutoa hukumu, tulipelekwa katika chumba kingine. Ndiyo sababu ya kubishana juu yake kwa namna nyingine. Juu ya Rubi tunauliza, "Ataadhibiwa lini?" Juu ya Lalla na Marème tunauliza, "Ningefanya nini mimi?"

Sisi Wakongomani hatuna haja ya kwenda Senegal kujua mambo haya. Ni sisi wenye neno "deuxième bureau", biro ya pili. Sheria yetu ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, hairuhusu mtu kufunga ndoa nyingine wakati ile ya kwanza ingali inasimama. Kila mtu anajua. Na kila mtu anajua pia nyumba ambako bwana analala siku anazosema yuko safarini.

Katika mabishano yale, mama mmoja wa likelemba yetu aliinama, akachukua sakosi yake, akatoka bila kuaga. Hatukumjali. Tulidhani anakimbilia kupika. Ni baadaye, tukiosha sahani, tulipokumbuka maneno tuliyoyasema juu ya Marème na wote walio kama yeye. Mama yule ana watoto watatu na mwanaume mwenye bibi wake wa ndoa.

Tulikwenda kwake, sisi watatu, na kilo moja ya sambaza mkononi, kwa maana hauendi kuomba radhi na mikono mitupu. Alitupa viti. Kisha akasema: "Aliponijia, aliniambia bibi yake alikufa. Nilijua ukweli wakati mtoto wa kwanza alikuwa anatambaa. Ninyi mnauliza nilimnyang'anya nani bwana. Hakuna aliyeniuliza nani alinidanganya." Ametukubalia kuyaandika haya bila jina.

Tulipoyaeleza maneno hayo kwa wengine, mama mwingine, ambaye bwana wake alimwacha na watoto watano, alikasirika. "Kwa hiyo nimlilie na yeye pia? Mimi ni Lalla! Usiku wangu nani anaulilia?" Hatukuwa na jibu. Hata leo hatuna. Wote wawili wako katika likelemba moja, wanatoa franga sawasawa, na zamu zao zinafuatana. Siku ya posho ijayo watakaa chumba kimoja, na hatujui itakuwa namna gani.

Hatutaacha kubishana juu ya filamu. Kuna mambo ambayo mama hawezi kusema, "Yananipata mimi", lakini anaweza kusema, "Djalika angemwacha bwana yule", na mwenye masikio anasikia. Kwa njia hiyo tumekwisha kujua mateso ya wenzetu wawili kabla hayajawa makubwa zaidi. Hadisi inatupatia pazia, nasi tunasema tukiwa nyuma yake.

Ila tumekubaliana jambo. Kabla ya kumhukumu mwanamke wa filamu, tutauliza kwanza: mwanaume katika hadisi hii alifanya nini, na mwandishi amemwadhibu ao amemwacha aende zake? Na tutakumbuka kwamba Rubi na Marème hawatusikii, lakini mwenzetu aliyekaa kwenye mkeka anasikia. Tena mabinti zetu wanasikia wakiwa jikoni. Wakitusikia kila siku tukimlaani Rubi peke yake, watajifunza kwamba Héctor hana deni.

Katika vikundi vyenu, jaribuni juma hili: chagueni filamu moja mnayoipenda, mseme nani alikosa, kisha mhesabu mara ngapi jina la mwanaume limetajwa. Mtuletee habari.

Na sombe ya siku ile? Iliungua. Tuliila hivyohivyo.

Tuonane juma lijalo.