Ulinzi ni Miguu Kabla ya Mikono

Miongoni mwa michezo iliyoingia majumbani katika miaka hii ni mpira wa kikapu unaochezwa kwenye kioo cha televisheni au cha simu. Mtoto hushika pedi mkononi, akaongoza wachezaji watano wa kikatuni, na sebule nzima ikajaa makelele. Wazazi wengi huuona kuwa ni upotevu wa wakati, wakaishia kuzima umeme. Hata hivyo, mchezo huu unao upande mmoja ambao askari ataufahamu upesi kuliko mwanawe, nao ni upande wa ulinzi.

Mchezaji mgeni hupenda kushambulia tu. Mpira ukiwa kwake hutabasamu. Ukiwa kwa mwenzake hubonyeza vitufe ovyo, akitaka aupore papo hapo. Matokeo yake ni yale yale kila siku: mlinzi wake hunyoosha mkono, mwenye mpira humpita ubavuni, na njia ya kikapuni hubaki wazi kama lango lisilo na mlinzi. Kisha huja lawama kwamba mashine imemwonea. Mashine haikumwonea. Aliyeondoka kwenye lindo ni yeye mwenyewe.

Ni vema kukumbuka kwamba Afrika imepata heshima kubwa katika mchezo huu kwa njia ya ulinzi. Ligi ya NBA ya Marekani ilianza kuhesabu mipira iliyozuiwa katika msimu wa 1973–74, na tangu hapo anayeongoza ni Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, mwenye mipira 3,830. Wa pili ni Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, mwenye mipira 3,289. Mutombo, aliyefariki mwaka 2024, alichaguliwa mara nne kuwa mlinzi bora wa mwaka. Mwaka 1994 timu yake ya Denver, iliyoingia mashindano ya mwisho ikiwa ya nane upande wake, iliitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea. Katika michezo mitano ya pambano hilo Mutombo peke yake alizuia mipira 31. Naye Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo, alichaguliwa wa pili mwaka 2009 baada ya kujipatia jina chuoni kwa kuzuia mipira.

Yuko pia jirani wa karibu zaidi na watu wa maziwa. Ziwa Mweru limelala mpakani mwa Zambia na Kongo. Mashariki yake ni wilaya ya Nchelenge, penye Kafutuma na vijiji vingine vya mwambao. Ng'ambo ya magharibi ni Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani. Kusini zaidi katika Katanga hiyo uko mji wa Lubumbashi, alikozaliwa Bismack Biyombo mwaka 1992. Biyombo ana kimo cha mita 2.03, ambacho si kikubwa kwa mchezaji wa chini ya kikapu. Lakini mwaka 2016, akiichezea Toronto dhidi ya Cleveland, aliidaka mipira 26 iliyokosa kikapu katika mchezo mmoja. Mtu hafikii hesabu hiyo kwa kuruka tu; hufikia kwa kutangulia kusimama mahali ambapo mpira utaangukia.

Wavuvi wa Mweru hawahitaji kufundishwa jambo hili. Samaki hafukuzwi majini kwa mikono. Hutegwa katika njia yake, na mtegaji hungoja. Kila mwaka, tangu mwanzo wa Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi husimamishwa katika ziwa hilo ili samaki wazaane. Katika miezi hiyo nyavu hukaa nchi kavu, na si ajabu kijana wa Kafutuma mwenye simu akaifanya kuwa uwanja wake. Kijana huyo akicheza kama anavyotega, atawashinda wengi wa mjini.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Kanuni ya kwanza ni kumweka mlinzi kati ya mwenye mpira na kikapu, hatua moja au mbili nyuma, wala si kifuani kwake. Pedi nyingi zina kitufe cha kumfanya mlinzi ainame na kwenda ubavu kwa ubavu; hicho ndicho cha kushikwa zaidi. Kitufe cha mbio kitumiwe kwa uchache, kwa sababu mbio humaliza pumzi ya mchezaji wa kwenye kioo kama zinavyommaliza mwanadamu, na aliyechoka hupitwa kwa wepesi.

Kanuni ya pili ni kuinua mikono bila kuruka. Mshambuliaji mjanja hujifanya anatupa ili mlinzi aruke, kisha humpita akiwa bado hewani. Mlinzi aliyesimama imara na mikono juu huharibu mtupo bila kutoka mahali pake. Kuruka kuje mwisho, mpira unapokuwa umekwisha kuacha mikono ya mtupaji.

Kanuni ya tatu ni kuheshimu hesabu ya madhambi. Katika NBA mchezaji hutolewa akifikisha madhambi sita. Katika kanuni za kimataifa ni matano. Tena, timu ikifikisha madhambi matano katika robo moja, wapinzani hupewa mitupo ya adhabu. Anayebonyeza kitufe cha kupora kila sekunde huwagawia wapinzani pointi za bure.

Kanuni ya nne ni kutumia saa. Timu yenye mpira ina sekunde 24 tu za kutupa. Kila sekunde ambayo mlinzi anaendelea kusimama mahali pake ni mali yake, na mpinzani atalazimika kutupa kwa haraka na kutoka mbali. Hapo ndipo penye ushindi wa ulinzi, ingawa hakuna anayeupigia makofi.

Jambo la mwisho ni gumu kuliko yote: hata ulinzi uliofanywa sawasawa hupitwa. Mpira mgumu, uliotupwa mbele ya mikono miwili iliyoinuliwa, wakati mwingine huingia. Mchezaji asiye na subira huchukia, akaacha utaratibu wake, na robo nzima ikamharibikia. Mwenye subira hurudi mahali pake akalinda tena. Mtoto anayejifunza hilo sebuleni amejifunza jambo litakalomfaa darasani, kazini na katika ndoa.

Kwa hiyo mzazi asiridhike na kukataza tu. Baba anaporudi nyumbani baada ya miezi ya kazi ya mbali, mara nyingi mtoto humwona kama mgeni, na maneno huwa machache baina yao. Nusu saa ya mchezo huu inaweza kufungua kinywa kuliko maswali mengi ya masomo. Na wapatane hivi: katika robo ya kwanza hakuna ruhusa ya kugusa kitufe cha kupora mpira. Kila mmoja alinde kwa miguu tu. Wataona wenyewe jinsi pointi za kizembe zinavyopungua, na mtoto atapata nafasi ya kumfundisha babaye vitufe, naye baba kumfundisha mwanawe kungoja.

Mama na baba waweke mipaka pia. Mchezo uishe kabla ya saa ya kulala, fedha za vifurushi vya simu zisizidi kiasi kilichopangwa, na mchezo wa kuwekeana fedha upigwe marufuku kabisa, maana hapo subira hugeuka tamaa. Jumamosi mtoto apelekwe kwenye uwanja wa kweli, akasimame chini ya kikapu chenye kimo cha mita 3.05, akatoke jasho.

Haraka haraka haina baraka. Lango halilindwi na mwenye mikono mirefu. Hulindwa na yule ambaye adui akija humkuta yupo.