Sarafu ya Babu Usiisugue

Mpenzi msomaji, kabla hujaiweka kando chenji uliyorudishiwa na makanga jana, hebu imwage mezani uitazame vizuri. Watu wengi hudhani kukusanya sarafu ni shughuli ya matajiri. Sivyo hata kidogo. Kwa shilingi 36 pekee unaweza kuanza leo jioni, tena pamoja na watoto.

Hesabu yenyewe ni hii. Tafuta sarafu moja moja za mwaka 2018: shilingi moja yenye twiga, shilingi tano yenye kifaru, kumi yenye simba na ishirini yenye ndovu. Hapo una seti kamili. Mtoto akiuliza kwa nini hazina sura ya rais, mweleze kuwa Katiba ya mwaka 2010 ilikataza picha ya mtu yeyote kutiwa kwenye pesa zetu. Je, si somo la historia hilo?

Kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Itafute shilingi kumi ya 1994 yenye rangi mbili na sura ya Mzee Moi, na shilingi 40 ya mwaka 2003 yenye sura ya Mwai Kibaki, iliyotolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Ukifika kwa Mzee Kenyatta, fungua macho zaidi. Sarafu za 1966 zina sura yake bila jina, lakini za 1969 zimezungushiwa maandishi yanayomtaja. Zikitiwa pamoja, wengi hawatambui tofauti. Mkusanyaji ni yule anayetambua.

Nyuma ya hapo ndiko kwenye utamu, na huko hufiki kwa chenji ya matatu. Itakubidi uende mashambani ukamwombe nyanya akufungulie kopo lake. Humo yamkini utazikuta shilingi za Afrika Mashariki zenye simba na milima, thumuni, na senti zilizotobolewa tundu katikati. Ndipo utakapoelewa kwa nini mtu aliyefilisika husema hana hata ndururu: ndururu ilikuwa senti tano. Na neno hela tulilipata kwa jirani, kutokana na Heller, sarafu ya Wajerumani walipotawala Tanganyika.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo wanaoanza huharibu mambo. Ukiipata sarafu nyeusi iliyochakaa, mkono utakuwasha kuisugua kwa majivu, kwa ndimu na chumvi, au kwa ile waya ya kusugulia sufuria. Usithubutu! Weusi ule ni ngozi ya sarafu, imejijenga kwa miaka mingi. Ukiusugua unaondoa madini yenyewe na kuacha mikwaruzo isiyofutika. Itang'aa, naam, lakini mnunuzi anayeijua kazi ataitupia jicho moja tu na kuirudisha. Sarafu chafu ina thamani kuliko iliyosuguliwa.

Ishike ukingoni, si usoni, kwani jasho la vidole huacha alama. Usiifungie katika nailoni laini, kwa sababu baada ya muda sarafu hushika utando wa kijani. Bahasha ndogo za karatasi kavu zinatosha. Andika juu ya bahasha kwanza, ndipo utie sarafu ndani. Nunua na kioo cha kukuzia maandishi, na daftari. Gharama imeishia hapo.

Jambo la pili ni tamaa. Siku hizi kuna watu wanaotangaza kwamba shilingi 40 ya Kibaki au senti ya mkoloni itakupa mamilioni. Ukiwafuata, wanakuomba kwanza utume ada ya usajili. Msomaji, mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi pesa. Anayekudai ada ni tapeli, na akishaipata hutamwona tena.

Uzee wa sarafu peke yake si utajiri. Chukua mfano wa mwaka 1936. Mfalme Edward wa Nane alikalia kiti kwa chini ya mwaka mmoja kisha akakiacha, hata Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuingia sokoni. Lakini senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki, kwa kuwa zilikuwa na tundu na hazikuhitaji sura yake, zilitoka na jina lake. Ukimsikia mtu akisimulia habari hiyo utadhani umeokota almasi. Kumbe zilitengenezwa kwa mamilioni, na bei yake si kubwa. Vivyo hivyo, shilingi za Afrika Mashariki za kabla ya 1948 si fedha tupu kama wengi wanavyodai. Ni robo tu iliyo fedha. Thamani hutokana na uchache wa sarafu, hali yake, na wingi wa wanaoitaka.

Basi faida iko wapi? Iko katika lile daftari. Kila sarafu iandikie mwaka, mahali ulipoipata na aliyekupa. Kisha muulize mzee aliyekupa maswali: Mshahara wako wa kwanza ulikuwa shilingi ngapi? Thumuni ilinunua nini dukani? Kodi ya kichwa mliilipaje, na aliyekosa alifanywa nini? Andika majibu kama anavyoyatamka yeye.

Sarafu zina subira, zitakaa koponi miaka hamsini zaidi. Wazee hawana muda huo. Siku atakapozikwa mwenye kopo, warithi watagawana vyuma visivyo na maneno, na pengine mmoja wao atavisugua kwa majivu ili ving'ae. Akiba haiozi, walinena wahenga, lakini kumbukumbu isiyoandikwa huoza upesi.

Kwa hivyo Jumapili hii, ukitoka kanisani au ukimaliza shughuli zako, mpitie mzee mmoja. Mpelekee sukari, kaa chini, na umwombe kwa adabu akuonyeshe kopo lake. Usimwombe akupe. Mwombe akusimulie.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.