Ujira Unaolia Kanisani

Tunapenda kusoma Yakobo 5:4 huku tukiwanyoshea kidole matajiri wa mjini. Yakobo anaonya kwamba ujira uliozuiliwa unapaza sauti, na Bwana amekisikia kilio cha wavunaji. Tunaitikia "Amina" kwa nguvu. Lakini tulipojenga ukuta wa kanisa letu, mafundi na vibarua wanaume walilipwa kila Jumamosi jioni. Wanawake waliosomba maji na kokoto, wakapika na kuosha masufuria, tuliwaambia, "Mungu atawabariki." Kazi ya mwanamume tuliiita kibarua, ya mwanamke tuliiita kujitolea.

Tumezoea kujitetea. Tunasema mwanamume ana familia ya kulisha. Je, mjane hana? Muuza unga hapunguzi bei kwa sababu mnunuzi amevaa kitenge, wala mwenye nyumba hapokei nusu ya kodi. Wengine hufungua Walawi 27, ambako mwanamume amehesabiwa shekeli 50 na mwanamke 30. Wasome vizuri: sura ile inahusu nadhiri, si mshahara. Kuhusu ujira, Luka 10:7 inatuachia kipimo kimoja tu, nacho ni kazi iliyofanyika.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ahakikishe kuwa mwanamume na mwanamke wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Ni aibu kwetu, wenye Maandiko, kufundishwa haki na Kaisari.

Hatupingi kujitolea. Sadaka ya nguvu ni njema, lakini sadaka hutolewa na mwenye nayo. Mzee wa kanisa hawezi kuitoa kwa niaba yake. Kama ni kujitolea, tujitolee wote. Kama ni malipo, tulipwe wote.

Basi, katika mkutano mkuu wa usharika, tuombe daftari la malipo lisomwe waziwazi: mlinzi analipwa kiasi gani, mfagiaji kiasi gani, mwalimu wa chekechea kiasi gani. Tukirudi nyumbani, tumtazame dada wa kazi anayeamka kabla yetu na kulala baada yetu, tujiulize mshahara wake wa mwezi uliopita uko wapi. Toba isiyogusa mfuko ni maneno matupu. Tulipe kwanza, ndipo tuimbe.