Viroboto Wajaa kwa Staa, Dada wa Kazi na Paka Watimuliwa: Hivi Kosa ni la Nani?

Stori ya mjini wiki hii siyo ndoa wala albamu mpya. Ni viroboto. Ndiyo, viroboto hawa hawa wanaorukaruka. Wameuvamia mjengo wa mwanadada mmoja anayefanya vizuri kwenye tamthilia (jina kapuni), maeneo ya Mbezi Beach, na mpaka sasa waliolipia ni wale wasio na pa kujitetea: dada wa kazi na paka.

Kwa mdau aliyepitwa, iko hivi. Mwanadada alikuwa na paka wawili wa manyoya marefu, wale wa kupigwa picha kila siku kwenye kochi. Mwezi uliopita akaanza kuposti miguu yake ina vipele vyekundu, vimejaa kuanzia kwenye vifundo. Kwanza akalaumu mbu, akanunua neti mpya. Vipele vikaendelea. Siku mwanaye alipoamka amevimba kiunoni, ndipo akamwona mdudu mweusi anaruka kutoka kwenye kapeti la manyoya. Jioni hiyo hiyo dada wa kazi akaambiwa afungashe, eti mchafu. Kesho yake paka wakatiwa kwenye kiroba, wakapelekwa kuachwa sokoni. Yote hayo mwenyewe kayaweka mtandaoni, tena na vikatuni vya kucheka.

Kilichofuata ndicho kilichowachanganya mashabiki. Siku chache tu baada ya paka kuondoka, kuumwa kukazidi. Basi mitandaoni ikawa vurugu. Wapo waliosema paka wale walikuwa na jini, wapo waliosema wamemwachia laana, na wapo waliomshauri nyumba isomewe kisomo haraka.

Jamani, kisomo ni jambo jema wakati wowote, lakini hapa hakuna jini. Hapa kuna njaa.

Kiroboto wa paka anapenda kuishi kwenye mwili wa paka, na chakula chake ni damu. Jike akishashiba anaweza kutaga mayai mpaka 40 au 50 kwa siku, na mayai hayo hayanati. Paka akitembea, yanadondoka. Akilala kwenye kochi, yanadondoka kochini. Akipanda kitandani, yanabaki kwenye shuka. Yakianguliwa, mabuu wanakimbia mwanga na kujichimbia chini ya kapeti, uvunguni na kwenye nyufa za sakafu, wanakula kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka. Baadaye kila buu anajifungia kwenye kifuko chake mpaka awe kiroboto kamili. Kwa joto na unyevu wa Dar, safari nzima inaweza kuisha ndani ya wiki tatu hivi.

Wataalamu wa wadudu wanakadiria kwamba kwenye nyumba iliyovamiwa, viroboto wakubwa ni kama 5 tu kati ya kila 100. Hao 95 waliobaki ni mayai, mabuu na walio ndani ya vifuko, na hawako kwa paka. Wako ndani ya nyumba. Kwa hiyo aliyemtupa paka ametupa wachache tu, halafu amebaki na jeshi zima. Na jeshi hilo likitoka kwenye vifuko likamkosa paka, litaparamia mguu wowote unaopita. Hiyo ndiyo "laana" yenyewe.

Hata zile stori za nyumba yenye mambo, kwamba ilikaa tupu miezi kadhaa na mpangaji mpya akaumwa siku ya kwanza tu, mara nyingine jibu lake ni hili hili. Kiroboto aliye kwenye kifuko anaweza kusubiri humo kwa miezi. Akisikia mtikisiko wa hatua, joto la mwili na pumzi, anajua chakula kimefika, anatoka.

Tuje sasa kwa dada wa kazi, maana hapo ndipo penye aibu.

Kwa mujibu wa klipu za mwanadada mwenyewe, binti huyo ndiye wa kwanza kusema kuna vidudu vyeusi vinaruka. Alisema mapema kabisa, na akajibiwa alale na feni. Binti analala chini kwenye godoro, kwa hiyo yeye ndiye aliyeumwa kuliko wote humo ndani. Na bado ndiye aliyeitwa mchafu.

Viroboto hawaji kwa sababu mtu hajadeki. Kiroboto hajui sakafu ya marumaru na ya udongo. Anakuja na paka wa jirani anayeruka ukuta, anakuja na panya, anakuja na paka mpya aliyenunuliwa bila kukaguliwa, au alikuwemo tangu mpangaji aliyepita. Kwenye mjengo wenye kapeti nene kila chumba, ambalo halijawahi kunyanyuliwa tangu liingie ndani, na paka wanaolala mpaka kitandani kwa bosi, hivi binti wa watu angefanya nini? Dawa ya paka hanunui yeye, hela hana. Kapeti hawezi kulitoa nje peke yake, na pengine haruhusiwi. Mnyonge hana haki, lakini hii imezidi.

Halafu kuna suala ambalo mashabiki wengi wanalipita kimya kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haijamwacha nje mfanyakazi wa nyumbani. Anayelipwa kwa mwezi, akishavuka mwezi wa kwanza kazini, kwa kawaida anatakiwa apewe notisi ya siku 28 au alipwe hela badala ya hiyo notisi. Kumwambia mtu jioni "fungasha", eti kwa kosa la kiroboto, huko ni kumwonea. Wanaomwita beki tatu wakumbuke kwamba hata beki ana mkataba.

Upande wa paka nao kuna vituko. Jamaa mmoja mtangazaji (naye jina kapuni) alijitokeza kumshauri mwanadada kwamba angewaogesha tu kwa dawa ya ng'ombe, mambo yakaisha. Ushauri huo umependwa na wengi, na ni hatari kweli kweli. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe na za matone ya mbwa zina sumu za kundi la pemethrini. Mbwa anazihimili, paka hapana, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja sumu hiyo inavyotakiwa. Anaanza kutoa mate, anatetemeka, anapata degedege, na wengi wanakufa. Mafuta ya taa nayo ni yale yale, kwa sababu paka anajilamba, na anachopakwa mwilini lazima kifike tumboni. Ambaye ameshampaka kwa kutojua amwoshe haraka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha ambebe mbio kwa daktari wa mifugo.

Sasa, kipi kingefaa? Kwanza kuhakikisha ni viroboto kweli. Unamchana paka kwa kitana chenye meno ya karibu, uchafu mweusi unaotoka unauweka kwenye tishu iliyolowa maji. Ukigeuka wekundu wa kahawia, hiyo ni damu, na viroboto wapo.

Baada ya hapo ni kazi mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni paka kupewa dawa ya paka, inayolingana na uzito wake, kutoka kwa daktari wa mifugo, na kurudiwa kila mwezi kama alivyoelekezwa. Wanyama wote wa nyumba hiyo watibiwe kwa pamoja, kila mmoja kwa dawa yake. Kitoto cha paka cha wiki chache kisipakwe chochote mpaka daktari aseme, kichanwe tu kwa kitana kila siku, maana viroboto wakiwa wengi wanaweza kukimaliza damu.

Ya pili ni nyumba. Shuka, mito na kitambaa anacholalia paka vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kapeti litolewe nje, lipigwe, liachwe jua liwake. Makochi yasogezwe, uvungu ufagiliwe kila siku, takataka zifungwe kwenye mfuko na kutolewa nje siku hiyo hiyo. Kama kuna uwezo, inapulizwa dawa ya nyumba ambayo pamoja na kuua inazuia mayai na mabuu wasikue. Hapo watu na paka wote wanatoka mpaka pakauke.

Na baada ya hayo yote, viroboto wataonekana tena wiki mbili tatu. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kusema dawa ni feki. Siyo feki. Ni wale wa kwenye vifuko, dawa nyingi haziwafikii humo, ni lazima watoke kwanza. Na hapa ndipo paka anapoonekana ana faida: paka aliyepewa dawa anakuwa mtego. Kiroboto mpya anaruka kwake, anakutana na dawa, anakufa kabla hajajaza mayai nyumba nzima. Mwanadada ametupa sokoni mtego wake mwenyewe.

Tena ametupa na askari wa panya. Paka akiondoka, panya hutawala, na panya nao wana viroboto wao, ambao ni wabaya zaidi. Watu wa Lushoto hawahitaji kuelezwa, kule tauni iliwasumbua miaka mingi kuanzia 1980, na ugonjwa huo huenezwa na viroboto wa panya. Kwa Mbezi hatujafika huko, lakini si busara kufukuza paka na kufungulia panya mlango.

Kuna watakaosema mtoto anaumwa, mama afanye nini, abembeleze paka? Hoja hiyo ina uzito. Kuna nyumba mtoto ana mzio, kuna nyumba hela ya dawa haipo kabisa. Na viroboto si mzaha, mtoto akimmeza kiroboto mwenye vimelea anaweza kupata minyoo ya tegu. Lakini kumtafutia paka nyumba nyingine baada ya kumtibu ni jambo moja, na kumtia kwenye kiroba ni jambo jingine. Paka wa kochini aliyezoea kuwekewa chakula, ukimwaga sokoni, hamalizi mwezi. Na kama hakutibiwa, viroboto wamehamia tu kwa wauza nyanya, ambao nao wana watoto.

Kiukweli mwanadada ana wafuasi wengi na wengi wao ni akina mama vijana wenye nyumba, wenye paka na wenye wadada wa kazi. Alichofanya kwa hasira ya jioni moja, wapo watakaokiiga. Hapo ndipo ustaa unapokuwa na mzigo. Angempigia binti yule simu, akamlipa chake, akamwomba radhi hapo hapo mtandaoni alipomwanika, angewafundisha watu wengi kuliko tamthilia zake zote. Kama binti atakubali kurudi ama la, hiyo ni hiari yake. Kuomba radhi hakupunguzi wafuasi. Na kapeti lile litolewe nje leo, maana jua ni la bure.

Mdau, kwako wewe nani alistahili kutoka kwenye mjengo ule: dada, paka, au kapeti? Funguka hapo chini, matusi hapana.