Siti za kompanyi za mine ziongee Kiswahili, kwa sauti

Kompanyi kubwa za mine za huku Lualaba na Haut-Katanga ziko na tovuti, ao siti kama tunavyosema. Fungua moja. Utaona picha ya benne kubwa, mukubwa amevaa kaske nyeupe, kisha maneno mingi ya Kingereza na Kifaransa. Inaonekana wazi wanaongea na nani: ni wale wenye kuweka franga zao, wako mbali. Mutu wa Fungurume ao wa Luilu, mwenye vumbi inaingia mu sahani yake, hana neno lake pale.

Ninaomba kitu kidogo tu. Waweke odio za Kiswahili pembeni ya maandishi. Mutu abonyeze, asikilize.

Juu ya nini sauti, na si kutafsiri maandishi tu? Kwa sababu wengi kati yetu tunaongea Kiswahili tangu tumbo la mama, lakini masomo tulipata kwa Kifaransa, na wengine hawakupata masomo. Kusoma Kiswahili kurasa makumi mbili kunachokesha hata mwalimu. Kusikiliza, kila mutu anajua. Angalia telefone za watumikaji wakati wa kubadilisha ekipe: wanatumiana odio tu, hakuna anayeandika.

Tuchukue cahier des charges. Sheria ya mine ya 2002, ile walirekebisha 2018, inaomba kompanyi ipatane na jamii za pale inafanyia kazi juu ya mambo itawajengea. Tena inaomba iweke pembeni angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya hizo jamii. Hiyo 0,3% ukiiandika hivyo, inapita tu mbele ya macho. Lakini sauti ikisema: kwa kila dolari 1.000 ya shaba ao kobalti iliyouzwa, dolari 3 ni za jamii, mama anayeuzisha makala ku soko anafahamu palepale, na kesho atauliza masomo na visima viko wapi. Labda njo sababu hawaharakishe.

Wakubwa watajibu: watu wenu hawaendi ku siti. Ni kweli, hawaendi, wangeenda kutafuta nini? Lakini odio haibakie pale iliwekwa. Kijana mumoja anaishusha, anaituma ku grupu ya WhatsApp ya familia, jioni avenue muzima imesikia. Wakisema mega ni bei, tuhesabu. Sauti ya mutu anayeongea, ikitengenezwa vizuri kwa MP3 ya kilobiti 64, inakula karibu nusu mega kwa dakika. Dakika tano haifike mega tatu. Zile video zao za drone zinakula mara mingi zaidi, na hatusikie wakizihurumia.

Tena kuko avoka wa kompanyi atakayesema Kiswahili kitaleta matatizo ya sheria. Waandike basi kwamba maandishi ya Kifaransa njo yanahukumu. Sisi tunaomba tu sauti iseme mambo ileile. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, na Radio Okapi inaongea kwa hizo lugha 4 pamoja na Kifaransa tangu 2002, siti yake iko na sauti. Haiko kazi ya ajabu.

Lakini ifanywe kwa akili. Sauti isianze yenyewe mutu akifungua ukurasa: inamukulia mega, na kama iko ofisini inamupatisha haya. Maandishi yabakie, juu ya wale hawasikie vizuri. Kazi ya mashine imeharibu masikio mingi huku kwetu. Na muzungumuzaji awe mutu wa hapa. Kiswahili cha Dar es Salaam ni kizuri sana, lakini mutu wa Kolwezi atafikiri ni matangazo ya mpira.

Kama franga ni kidogo, waanze na usalama: siku na saa ya kulipua baruti, barabara gani itafungwa, asidi ikimwangika mutu afanye nini na maji ya muto. Kisha ginsi ya kupeleka malalamiko. Leo kuna kompanyi inaomba mwenye shamba iliyoharibika ajaze formu kwa Kifaransa ku intaneti! Kisha matangazo ya kazi.

Na kila odio ianze kwa kutaja tarehe. Maana sauti inazunguka miaka, na tunaona vijana wanafika asubuhi ku mulango wa mine na dosie mukononi, juu ya tangazo la kazi la mwaka uliopita.